Sanduku Halikuwa na Dhahabu

Katika mazishi ya mume wangu sikugombania dhahabu. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linalosemwa hapa Kilakala, linasemwa stendi ya Msamvu, na mwezi uliopita binti yangu Judith alilisikia Dumila akinunua vitunguu. Muuzaji hakumjua. Alimsimulia, kwa kumchangamsha mteja tu, kwamba mjane wa daktari wa meno wa Morogoro alimrukia mtani mbele ya jeneza, wakavutana sanduku lililojaa meno ya dhahabu, na kwamba tangu siku hiyo mama huyo hupanda milimani kuyatafuta yaliyodondoka. Judith alichukua vitunguu vyake akaondoka. Nimemlea asibishane barabarani. Najibu mimi, kwa maandishi, na mara hii tu.

Mume wangu hakufa kwa UKIMWI. Angekuwa nao ningesema, maana ni ugonjwa kama mwingine na dawa zake zipo. Hakurogwa na wapwa zake kwa ajili ya shamba. Shamba la Mgeta ni la ukoo wa mama yake, lilikuwa lao kabla hajazaliwa, na hakuna aliyehitaji kumroga mtu ili apate kilicho chake. Wala hakula mishikaki ya ng'ombe mwenye wazimu. Walioeneza hilo waliwatia hasara wachoma nyama wasio na kosa.

Aliitwa Eustace. Alizaliwa Mgeta, juu ya Nyandira, mahali ambapo ukungu hauondoki shambani mpaka jua likaze, katika nyumba ya mama aliyelima njegere na kabichi na kuzishusha sokoni kichwani. Eustace alikuwa bado shule ya msingi mama yake alipoumwa jino. Mng'oa meno wa kijiji alikuja na koleo la fundi baiskeli. Alikuwa ametoka kumng'oa mtu mwingine, akalifuta kwa jani la mgomba, akaendelea na kazi. Taya la mama lilivimba mpaka jicho likafumba, na njegere za msimu ule zilivunwa na watu wengine. Hayo nilisimuliwa na wifi yangu Lucy. Eustace mwenyewe, katika ndoa yetu yote, hakunitajia lile koleo.

Alisoma kwa ufadhili wa misheni, akawa tabibu wa meno, akafanya kazi serikalini hadi alipofungua kliniki yake mjini. Ilikuwa kliniki ndogo, chumba cha kungojea na chumba cha kiti. Alikuwa na msaidizi wa kuosha vyombo, lakini aliviosha mwenyewe, kwa brashi, kimoja kimoja, chini ya taa, kabla ya kuviingiza kwenye mashine ya mvuke. Mtu akimshangaa alimjibu: "Mashine haioshi. Mashine inaua tu kilichokwisha oshwa." Sahani za nyumbani kwangu nazo alizirudia kuosha, na tuligombana kwa hilo zaidi ya kwa jambo lolote lingine.

Mara kwa mara, Jumamosi, alipanda kwao na sanduku lake la chuma cha pua, lile lile ambalo leo linasemwa lilikuwa la dhahabu. Aling'oa meno chini ya upenu wa nyumba ya Lucy bila malipo. Lakini hakuna aliyekaa kitini kabla ya kusimama jikoni kutazama. Aliweka vyombo kwenye sufuria la presha, akawasha mkaa, akawasimamisha wagonjwa wote mbele ya lile sufuria likipiga mluzi. Walimpa jina la Mchemsha Vyuma. Bi Mwaisha, jirani wa Lucy, alikuwa akimtania kwa sauti ya kusikika bonde zima: "Chemsha, mwanangu, chemsha! Siku moja utatuchemsha na sisi wenyewe!"

Basi kijiji kilijifunza. Pini ya kutolea funza ilichemshwa. Wembe wa kunyolea watoto ulichemshwa. Hata wazee waliokwisha ng'oka meno nao walianza kuuliza, "Umekichemsha?" Eustace hakuwa mtu wa kujisifu, lakini hilo alilifurahia kuliko kliniki, kuliko nyumba hii niliyomo. Alisema mji una madaktari wengi, ila mlimani pale ameacha kitu.

Naomba msomaji alishike hilo. Yote yaliyofuata yametokana nalo.

Ulianza mkono. Alikuwa ameshika kikombe cha chai, mkono ukaruka wenyewe kama wa mtu aliyeguswa na umeme, chai ikamwagika. Siku hiyo hiyo aliacha kugusa wagonjwa. Wanaosema alitibu watu akiwa mgonjwa wanasema uongo. Kiti alimwachia Daktari Pendo, msichana aliyemfundisha mwenyewe na baadaye akawa mshirika wake, yeye Eustace akabaki kukaa chumba cha kungojea, akipokea salamu za watu na kusahau majina yao.

Katika wiki hizo hizo jino lake la nyuma likamuuma. Pendo alimlaza kitini. Nilikuwapo.

"Baba, usinisimamie kama niko mtihani. Fungua kinywa."

"Nikifungua kinywa nitakuelekeza vipi?"

"Hiyo ndiyo raha yenyewe."

Alicheka, akafungua. Pendo alisafisha mzizi kwa vile visindano vyembamba vya chuma ambavyo madaktari wa meno hutumia, vyenye vishikio vya plastiki vya rangi. Alihangaika navyo muda mrefu. Mwishowe jino lenyewe lilionekana halifai, akaling'oa. Alipogeuka kuvikusanya vyombo, Eustace alimshika kifundo cha mkono.

"Hivyo visirudi kwenye trei."

"Nitaviosha vizuri, Baba. Kama ulivyonifundisha."

"Pendo. Mimi sijui ninaumwa nini, na wewe hujui. Mpaka tujue, visirudi."

Viliwekwa kwenye sanduku la chuma cha pua, vyote vilivyoingia kinywani mwake: koleo, kioo, visindano. Havikumgusa mtu mwingine katika kliniki ile. Mtu aliyetibiwa kwetu alale usingizi wake. Hilo nalisema mbele ya Mungu na mbele ya yeyote anayetaka kunishtaki.

Dar es Salaam walimpiga picha ya ubongo, wakachota maji ya uti wa mgongo. Daktari bingwa alianza kunieleza kwa mifano ya kitoto. Nilimwambia nimefundisha kemia sekondari hadi nikastaafu, anipe jina. Akanipa: ugonjwa wa Creutzfeldt-Jakob, aina inayomtokea mtu bila sababu inayojulikana, si ile itokanayo na nyama ya ng'ombe wagonjwa. Kinachouleta si kirusi wala bakteria. Ni protini, ambayo kila mmoja wetu anayo kichwani, iliyojikunja vibaya na ambayo kila inapogusana na nyingine huifanya nayo ijikunje vibaya. Huitwa prioni. Kwa kuwa haina uhai, haiuawi. Moto wa kupikia hauiwezi. Mvuke wa mashine ya kawaida hauiwezi kwa uhakika. Ikikauka juu ya chuma huganda na kudumu.

"Kuna mtu aliyewahi kuambukizwa kwa vyombo vya meno?" nilimuuliza.

"Hakuna kesi iliyothibitishwa, Mwalimu. Hofu ipo kwa sababu vyombo vya upasuaji wa ubongo viliwahi kuambukiza. Ndiyo maana hatubahatishi. Vilivyotumika kwake vichomwe vyote kwenye tanuri la taka."

Eustace alisikia yote hayo. Bado alikuwa na akili yake, ingawa maneno yalikuwa yakimponyoka. Njiani kurudi, tulipopita Mikese, ndipo aliposema. Alisema polepole, akilitafuta kila neno.

"Tanuri, hapana. Nalijua. Vyuma haviungui. Vinatupwa nyuma na majivu. Wakusanya skrepa wanaokota." Akapumzika. "Weka kaburini. Miguuni pangu. Watu wetu hawafukui kaburi."

Pendo, aliyekuwa amefuatana nasi, alipinga, kwa haki yake, akasema kanuni ni kuchoma. Eustace akamjibu kwamba aliyeandika kanuni hajawahi kuona jalala la nyuma ya tanuri bovu. Hilo ndilo neno lake refu la mwisho lililokuwa na maana. Baada ya hapo alikuwa akinitazama bila kunijua, akishtuka kila mlango ulipogongwa, mwili wote ukiruka kitandani, na kabla mvua za vuli hazijaanza alikuwa amekwisha. Tangu chai imwagike haikufika hata nusu mwaka. Sikuwahi kuona kitu kikimla mtu kwa haraka namna ile.

Tulimpandisha Mgeta. Sanduku nilikuwa nimelifunga kwa plasta ya hospitali pande zote, nikamkabidhi wifi Lucy, nikamweleza wazi: liingie kaburini baada ya jeneza, lisifunguliwe na mtu.

Sasa nimefika kwa watani. Kila msomaji wangu anaujua utani, lakini wa kwetu Waluguru si wa kabila kwa kabila tu, ni wa ukoo kwa ukoo. Ukoo ukifiwa, watani wao huja kuchimba kaburi, kumwigiza marehemu, kuwachekesha waliozimia kwa kilio. Na mtani ana haki ya kunyakua chombo cha kazi cha marehemu. Kwa mkulima atachukua jembe, kwa mshonaji mkasi, akimbie nacho, na wenye msiba watakikomboa kwa jogoo. Akinyakua hakatazwi. Mwenye msiba akikasirika amevunja desturi. Na akipiga kelele, kelele zake ni sehemu ya mchezo. Zinavyozidi ndivyo watu wanavyocheka.

Mtani wa ukoo wa Eustace ni Mansuri, mzee mwembamba anayeuza mboga, Mwislamu mwenye swala zake, aliyekuwa rafiki wa Eustace tangu utotoni. Alifika amevaa glavu za kuogea na kofia ya karatasi, kuigiza daktari. Alianza na mimi.

"Mke wangu, lia kwa kiasi! Ukiyamaliza machozi leo, siku nitakayokufa mimi utalia na nini?"

Watu wakaangua kicheko. Nilimjibu kama inavyopasa: "Wewe ukifa nitapika pilau." Wakacheka zaidi. Kisha akamwigiza marehemu. Akatembea kwa kupepesuka, mkono ukiruka, akimwaga chai isiyokuwapo. Wanawake walicheka huku wakilia. Sikukasirika. Ndiyo kazi yake, na aliifanya kwa upendo.

Ndipo alipoliona sanduku mapajani mwa Lucy. Alilijua. Nani kijijini hakulijua? Alilichomoa, akalipandisha juu ya kichwa chake, akakimbilia uwanjani.

"Mchemsha Vyuma amenirithisha kliniki!"

Nilisimama. "Mansuri, lirudishe. Lina ugonjwa."

"Mnamsikia mke wangu? Lina ugonjwa!" Akalitikisa, vyuma vikalia ndani. "Analililia sanduku kuliko mume! Humu mna dhahabu, jamani!"

Hapo ndipo dhahabu ilipozaliwa, katika mzaha wa mtani, mbele ya kijiji kizima.

"Halijachemshwa!" nilipiga kelele. "Mansuri, sitanii! Vyombo hivyo si safi!"

Nadhani hakuna sentensi iliyowahi kuchekesha watu Mgeta kama ile. Vyombo vya Eustace si safi! Mtu mmoja alikaa chini kabisa kwa kucheka. Bi Mwaisha akajibu kutoka kwenye mkeka: "Kama hivyo si safi, basi sote tunakula kwenye mavi!"

Mansuri alichana plasta kwa meno yake mwenyewe. Akatoa koleo. Akapita mstari wa mbele, na watu wakamfunulia vinywa, wakubwa kwa watoto, kila mmoja akitaka kuguswa jino kwa chuma cha Daktari kwa mara ya mwisho. Pendo alisimama juu ya benchi, akasema kwa sauti yake ya kazi kwamba ni kweli, marehemu alikuwa na ugonjwa wa ubongo usiouawa na maji ya moto. "Na huyu naye wamempa sehemu yake mchezoni!" mtu akasema, wakampigia makofi. Nilimfuata Mansuri, nikamshika kanzu, nikavuta. Huko ndiko kumrukia kunakosemwa. Alinizungusha kama tunacheza ngoma.

Lucy ndiye aliyeokoa kilichookoka. Alileta jogoo mbio. Mansuri akapokea, akainama mbele yangu kwa heshima zote, akanikabidhi sanduku. Nilifungua kando ya kaburi. Koleo lilikuwamo, na kioo. Visindano havikuwamo.

Kwani mtani, kabla chombo hakijakombolewa, huwa ana haki ya kugawa kidogo cha alichonyakua kwa majirani, kiwe kumbukumbu, naye alikuwa amevigawa kabla jogoo hajafika. Vilikuwa vizuri kutazama, vyembamba, vyenye vishikio vya njano, vyekundu na vya buluu. Aliwapa wanawake, kwa sababu alisema wanawake ndio wenye funza wa kutoa.

Tulizika. Kilichobaki kiliingia miguuni pake.

Matanga yalipoanuliwa nilibaki kwa Lucy. Nilimwita Mansuri tukakaa wawili, nikamweleza bila kicheko. Ilichukua asubuhi nzima. Alipoelewa alivua kofia yake, akaishika kwa mikono miwili.

"Shemeji, kwa nini hukuniambia mapema?"

"Nilikuambia mbele ya watu wote."

"Uliniambia msibani! Msibani mimi ni mtani. Nitajuaje?"

Nilisimama, nikamwambia twende tukavitafute. Alifuatana nami nyumba hadi nyumba, akiomba, lakini yeye kila alipofungua kinywa watu walianza kutabasamu.

Bi Mwaisha alinikaribisha kwa heshima. Ni mkubwa kwangu, nikamwamkia, akaitikia, akaniwekea kigoda. Nilipomweleza nimefuata nini, aliinuka akaleta kijaluba cha tumbaku. Kisindano kilikuwamo, cha kishikio cha njano, kimefungwa kwenye kitambaa cheupe kilichofuliwa.

"Kimekwisha kutoa funza wawili wa mjukuu wangu," alisema. "Usiwe na wasiwasi, Mwalimu. Nilikichemsha kwanza. Nilikichemsha mpaka maji yakakauka sufuriani, nikaongeza mengine. Ndivyo alivyotufundisha."

Nilimwambia kwamba kwa ugonjwa huu kuchemsha hakusaidii. Alinitazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mfiwa aliyepoteza akili.

"Mwanangu," akasema, "mume wako alipanda mlima huu nusu ya maisha yake kutuambia kuchemsha kunasaidia. Leo yumo kaburini, hawezi kujitetea, unakuja kutuambia alikuwa mwongo?"

Alinirudishia kile kisindano, lakini kwa sababu nilikuwa nalia. Mtoto alikuwa ukumbini, anacheza, mguu umepona.

Wengine hawakunirudishia. Wa nyumba ya pili alisema amekipoteza. Wa tatu alisema hakupewa, huku Mansuri akimwangalia usoni. Nilipopanda mara ya pili habari ilikuwa imekwisha tengenezwa: mwanamke msomi hawezi kupanda milima hii kutafuta sindano. Kilichotafutwa ni dhahabu, na vile vishikio vya njano ndivyo ushahidi. Mmoja alikipeleka chake Msamvu kwa sonara. Sonara alimcheka, akarudi nacho, na hakuamini kicheko cha sonara. Tangu hapo kila aliyenacho amekificha, na kila ninavyoomba ndivyo thamani yake inavyopanda.

Niliripoti nilikopaswa kuripoti. Nilisikilizwa vizuri. Niliambiwa hatari ni ndogo mno, kwamba haijathibitishwa popote, na kwamba tangazo litawatia watu hofu wakimbie hospitali za meno na kurudi kwenye makoleo ya baiskeli. Huenda ni kweli. Ugonjwa huo, ukiingia kwa njia hiyo, unaweza kukaa kimya kwa miaka mingi kuliko niliyobakiwa nayo. Mjukuu wa Bi Mwaisha atakua, ataoa, na siku kikombe kitakapomtoka mkononi, kama kitamtoka, hakuna atakayekumbuka funza wawili. Watasema amerogwa. Na kama hakitamtoka, mimi sitakuwapo kujua. Pendo ananiambia nijifariji kwa hilo. Namshukuru. Sijafarijika.

Eustace aliulinda mji wote kwa neno moja alilosema akiwa amelala kitini, kinywa kikiwa bado kina damu. Kijiji chake hakukiweza. Visindano viko huko, katika vijaluba na mikunjo ya kanga, na najua kila mara kabla ya kutumika vinachemshwa kwa uangalifu sana.

Haya ndiyo yaliyokuwamo sandukuni. Judith asiulizwe sokoni, Pendo asiulizwe kazini, Lucy aachwe alime. Mansuri ni mtani wetu, na atanizika mimi pia, akipenda. Anayetaka kuja kwangu kuuliza majina ya waliobaki na visindano, abaki kwake. Sitayataja, wala sitaongeza neno.